Debe Moja hadi Mahajanga

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyoliteremsha gari kutoka kwenye tishari pale Antsahampano, nikiwa na umri kama wako na kiburi kuliko chako. Tishari lilikuwa limetuvusha kutoka kisiwani Nosy Be hadi bara, mimi na gari la tajiri wangu. Kando yangu amekaa Koko Zahara, nyuma yetu magunia ya pilipili manga chini ya turubai, na juu ya yote bendera. Bendera ya jamhuri yetu mpya ya Malagasi, nyeupe, nyekundu na kijani, nilikuwa nimeifunga kwenye mwanzi nikausimamisha nyuma ya kibanda cha dereva. Uhuru ulikuwa bado mbichi, nami nilijiona kana kwamba ni mimi niliyekwenda kuuchukua na kuuleta.

Juzi umepewa ufunguo wa gari, na nimeona jinsi unavyotoka nalo nyumbani. Sikusema kitu. Ungenijibu kwamba magari ya siku hizi si kama ya zamani, na mimi ningekasirika, na sote wawili tungepoteza asubuhi. Basi nimekaa nimeandika. Soma polepole, maana hata katika kusoma kuna watu wanaokanyaga mafuta.

Koko kwetu ni bibi. Huyu alikuwa mama yake mama yangu. Nyumbani tulizungumza Kingazija, sokoni Kimalagasi cha pwani ya kaskazini, na ukikutana na askari wa barabarani unatafuta Kifaransa chako chote ulichonacho. Kiswahili hiki nilikipata kwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, nikakinyoosha miaka niliyoendesha lori Tanga. Kwa hiyo maneno ya Koko hapa nimeyageuza mwenyewe. Yalivyokuwa yakiwasha kwa lugha yake, nusu tu ndiyo imefika.

Nilijifunza kuendesha Nosy Be, na kisiwa kile, Mungu akibariki, hakimfundishi mtu safari. Kila barabara unayoishika inaishia baharini. Ukitoka Marodoka, alikokaa tajiri wangu Bwana Karimu, hata kijasho hakijakutoka umekwisha fika Hell-Ville, na pampu ya petroli ipo palepale. Gari likipungukiwa, unajaza. Magari yalikuwa machache, watu wote walilijua letu kwa mlio, na mimi nilihakikisha wanaendelea kulijua. Naondoka kwa kishindo, nakimbia mpaka kwenye kona, nafunga breki vumbi litimke, naondoka tena. Nikiingia kunywa kahawa, injini naiacha inanguruma nje, ili kila anayepita ajue ndani ya mkahawa yumo mwenye gari. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, walisema wazee, lakini mimi ukingo sikuwa nimeuona bado.

Sasa nikwambie kwa nini Koko alikuwa garini. Alikuwa na mdogo wake mmoja, Echata, aliyeolewa Mahajanga. Mama yao alifariki Echata angali mchanga, na Koko ndiye aliyembeba mgongoni, akamlea, akamwoza. Kisha Koko akaja Nosy Be kwa mume wake, na tangu siku ile hawakuonana tena kwa macho, ila salamu kwa wasafiri na barua za kuandikiwa na watu. Mwaka ule tukaletewa habari kwamba Bibi Echata anaumwa, maradhi ya kumaliza, na wanawe wameamua kumrudisha Ngazija akatulie kwa jamaa zake na azikwe kwao. Meli ilikuwa inaondoka Mahajanga siku ya Ijumaa baada ya sala.

Koko alikwenda mwenyewe kwa Bwana Karimu. Alijua kuwa pilipili inapelekwa Mahajanga na mimi ndiye dereva. Akamwambia, "Baba, mimi sitaki kitu kwako ila kiti. Nataka nikae na mdogo wangu siku moja." Bwana Karimu akapiga hesabu ya njia: tuvuke Jumatatu, tufike Jumatano jioni. Alhamisi nzima ingekuwa yao, mchana na usiku wake. Koko akaondoka akiitaja hiyo Alhamisi kama mtu anavyotaja sikukuu.

Kuna jambo jingine lazima ulijue, la kazi yetu. Gari lile kipimo chake cha mafuta kilikuwa kimekufa zamani. Dereva aliyenitangulia, Mzee Madi, ambaye macho yalimwacha ndipo nami nikapata kazi, alikuwa amechonga kijiti kirefu cha kutumbukiza kwenye tangi. Kijiti kila mtu alikuwa nacho. Lakini chake kilikuwa na mikato, na kila mkato una jina la mji. Ukifika Ambanja, unapima, na unyevu usiwe chini ya mkato wa Ambanja. Ukifika Antsohihy, vivyo hivyo. Hapo ndipo unapoongeza debe la kwanza la akiba, si kabla. Aliponikabidhi alinishika mkono akasema, "Kijiti hiki kikikuambia neno, usibishane nacho." Nikaitikia, huku nawaza kwamba vipofu wana maneno mengi.

Basi tukaondoka Antsahampano. Pale kwenye mteremko wa kupandia kulikuwa na mchanga mwingi, na ili gari lisizame nilipunguza upepo wa matairi yote manne, kama tulivyozoea. Tulipofika barabara ngumu ilinipasa kuyajaza tena kwa pampu ya mkono. Nikaona uvivu. Nikasema yatajaa yenyewe kwa joto. Turubai nalo nililifunga upande mmoja tu, likawa linavimba upepo kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Na kwa kuwa bendera haipepei gari likienda polepole, niliendesha kwa ajili ya bendera.

Mwanangu, barabara ile haikuwa ya kukimbia. Ni mashimo, ni vijito vya kuvuka, ni makundi ya ng'ombe wenye nundu wanaotembea wakijua njia ni yao. Mimi nilikuwa nakimbilia kila shimo kama nimeahidiwa kitu humo, nalifikia, nafunga breki kwa nguvu zote, natambaa kulipita, kisha nakanyaga tena mafuta mpaka injini ilie. Koko alikuwa na tasbihi yake. Kila nikifunga breki kidole kilimteleza, akawa anarudi mwanzo. 

Ambanja tulisimama kula. Kulikuwa na mkahawa na kulikuwa na wasichana, nami niliacha injini ikinguruma mpaka nimekunywa vikombe viwili. Koko akaniuliza kwa upole kabisa, "Gari limesimama. Mbona linakula?"

"Koko, injini hii ukiizima inakuwa ngumu kuwaka."

Uongo mtupu. Ilikuwa ikiwaka kwa kuguswa.

Siku ya pili, Antsohihy, nilipima tangi. Unyevu ulikuwa chini ya mkato kwa vidole viwili. Kule Ambanja sikupima, maana nilikuwa na kazi ya kuonekana. Nikakitazama kijiti, nikakigeuza, nikakifuta, nikatumbukiza tena kama mtu anayeuliza swali lilelile akitumaini jibu jingine. Vidole viwili. Koko akaniuliza kama mambo ni mazuri, nikamjibu kwamba ni mazuri, ila kijiti kimelika kwa uzee. Nikamimina madebe yote mawili ya akiba. Bandu bandu huisha gogo, na mimi bandu zangu nilizitupa kuanzia Antsahampano, moja kwa kila breki.

Hapo ningeweza kujirekebisha. Sikiliza vizuri neno hili, kwa maana ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mengine yote. Kukosea kwa kutojua, watu husamehe. Mimi Antsohihy nilijua. Lakini kupunguza mwendo kungekuwa kukiri mbele ya Koko kwamba nilikuwa ninakosea, na mimi nikaona heri niendelee kukosea kwa heshima zangu. Nikajipa moyo kwamba Port-Bergé kuna pampu. Tukafika, pampu kavu. Lori la mafuta halikuwa limepita wiki ile. Nikasema Mampikony. Mampikony pia kavu. Nikapita.

Jumatano, jua la utosi, tumeiacha Mampikony nyuma, kwenye kilima ambacho hata jina lake silijui, injini ilikohoa mara tatu ikazima. Gari likarudi nyuma kidogo, nikaliwekea jiwe. Pande zote majani makavu, na kimya ambacho sikuwahi kukisikia Nosy Be.

Koko alishuka, akatandika mkeka wake kwenye kivuli cha gari, akakaa. Nilitegemea anifokee. Badala yake aliniita nikae mbele yake kama mwanafunzi wa chuoni, akasema:

"Mimi nimepika tangu sijafikia umri wa kufunga Ramadhani. Na nimefundisha wasichana wengi kupika. Yupo msichana mmoja kila kizazi, huyo humtambui mpaka kuni ziishe. Anachochea moto mpaka chungu kinafurika. Kikifurika anaumwagia moto maji. Moto ukifa anachochea upya. Mwisho wa siku kuni hazipo na wali mbichi. Wewe tangu juzi unachochea na kumwagia maji."

Nikachukua kijiti nikaanza kukifuta, naye akaendelea:

"Kila ukikanyaga, naanguka nyuma. Kila ukifunga, nataka kubusu kioo. Safari yetu ni ya mbele, mjukuu wangu. Hizo za nyuma umezitoa wapi?"

Mwanangu, nimekaa baadaye na mafundi, nimesikia maelezo mengi ya kabureta na ya gia, lakini hakuna aliyenieleza kuliko bibi yule ambaye hakuwahi kushika usukani. Mwendo wa gari umeununua kwa petroli. Ukifunga breki, ule mwendo umeutupa, nawe ukitaka kwenda tena inabidi ununue mwingine. Mwenye busara hununua mara moja akautumia.

Nikamwambia yote. Nikamwambia kijiti hakijalika, nikamwambia vidole viwili.

"Ulijua tangu Antsohihy?"

"Nilijua, Koko."

Aligeuza uso akatazama njia tuliyokuwa tunaielekea. Akasema, "Basi hukumaliza petroli peke yake. Umemaliza na Alhamisi yangu." Hakuongeza lingine mpaka jua lilipozama. Nilipigwa sana nilipokuwa mdogo, kwa fimbo na kwa kandambili, lakini kimya kile cha Koko ndicho kipigo ninachokikumbuka.

Jumatano ikaisha. Alhamisi ikapanda, ikapita saa kwa saa mbele ya macho yetu, hakuna gari. Walipita wachunga ng'ombe wakatupa maji na mihogo, wakaitazama bendera yangu, wakacheka kidogo kwa adabu. Alasiri ndipo lilipotokea lori kutoka upande wa Mahajanga, limepakia magunia ya chumvi. Dereva wake alikuwa Mtsimihety mmoja, wa kabila la nchi ile, mtu mzima, mfupi, mwenye mikono kama mizizi, jina lake Jaotombo. Alimsalimia Koko kwanza, "Mbolatsara, mama," kwa heshima zote, akamsikiliza habari ya mdogo wake mpaka mwisho. Halafu akalizunguka gari langu. Akapiga teke tairi moja, likanywea. Akashika turubai. Akatazama juu kwenye bendera, kisha akanitazama mimi.

Alikuwa na debe moja la ziada. Zaidi ya hapo hakuwa nalo, na kote alikopita pampu zilikuwa kavu. Akaliteremsha, akakataa chochote ila dua ya Koko. Nikamshukuru, nikamwuliza kama litatufikisha.

"Debe hili linamfikisha mtu Mahajanga," akasema. "Sikusema linakufikisha wewe."

Akapanda lori lake akaenda zake.

Hapo ndipo nilipofanya azma, mwanangu, na azma ile ndiyo iliyonifanya dereva. Sikuwa na huzuni tena. Huzuni haisukumi gari. Nilichukua pampu ya mkono nikayajaza matairi yote manne, mpaka shati likashikamana na mgongo, na kila moja nililigonga kwa kisigino kusikia kama limekuwa gumu. Nililifunga turubai pande zote likalala kama shuka. Niliitoa bendera. Nilisita nayo mkononi, nikiogopa isionekane naidharau, lakini Koko akaipokea, akaikunja kwa adabu, akaitia kwenye pakacha lake juu ya nguo zake za sala. "Taifa halipungui likikunjwa," akasema. Ndilo neno la kwanza la upole tangu jana, nami nililipokea kama mtu wa jangwani anavyopokea maji.

Kisha tukaondoka. Niliachia klachi kama ninayeweka mtoto kitandani. Gia nilibadilisha mapema, kabla injini haijapandisha sauti, nikafika gia kubwa nikabaki nayo, mguu umegusa tu. Macho niliyatoa kwenye pua ya gari nikayapeleka mbali. Nikiona ng'ombe kule mbele, nauinua mguu hapohapo, naliacha gari lijibebe lenyewe, na mara nyingi tulipowafikia walikuwa wamekwisha vuka na sisi bado tunatembea. Nikiona shimo, vilevile. Breki nilijiapiza nitaigusa kama mtu anavyogusa akiba ya mjane. Kilima nilikianzia mbali, kwa mwendo uleule, wala sikukipigania. Mteremkoni mkono wangu ulikwenda kwenye ufunguo, nizime injini tushuke bure. Wapo madereva waliofanya hivyo na wapo ambao makaburi yao yako chini ya miteremko hiyo. Nikaurudisha mkono. Gia nikaiacha ndani, mguu nikauinua, gari likajishikilia lenyewe.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukimbia. Kukimbia hakuhitaji akili, ila mguu. Mwendo ule ulinitaka mzima, macho, masikio, hata pumzi, na nyundo ilikuwa inanigonga kichwani: debe moja, debe moja.

Kisha likatupita gari la abiria, limejaa vijana juu mpaka kwenye mizigo. Wakatuzomea, "Mora mora, dadabe!" maana yake nenda polepole, babu. Mwanangu, mguu uliniwasha. Nilikuwa na nguvu za kuwafikia na kuwapita mbele ya macho yao. Koko, bila kufumbua macho, akasema, "Waache. Wao wana petroli. Sisi tuna safari." Nikawaacha, vumbi lao likatutangulia, na baada ya muda tukalikuta gari lao liko pembeni, injini inafuka moshi, na wao wamekaa kwenye majani. Tuliwapungia mkono. Sikucheka, naapa sikucheka sana.

Na jambo moja niligundua nikiwa katika mwendo ule: tasbihi ya Koko ilikuwa inazunguka. Ilifika mwisho, ikaanza upya, ikafika mwisho tena.

Giza lilipoingia nilisimama kwenye kijiji. Nilitamani kuendelea, Mungu anajua nilivyotamani, lakini kwa taa zetu zile ningeliona kila shimo nimekwisha lifikia, na hapo ningerudi kwenye breki na kukanyaga, na debe lisingetosha. Nikamweleza Koko. Akaniuliza tu, "Una hakika?" Nikamjibu nina hakika. Ijumaa tulisali alfajiri ilipoingia tu, na mwanga wa kwanza wa kuonea mashimo ulitukuta barabarani.

Sitakuchosha na kila kilima. Tulipofika njia panda ya kwenda Boanamary, Mahajanga ikiwa karibu, nilipima, na kijiti kikatoka na unyevu wa kucha tu.  Tuliingia Mahajanga injini inashtuka na kutulia, inashtuka na kutulia, nikawa nailea kwa ncha ya kidole cha mguu, tukapita sokoni, tukashika mtaa wa Mahabibo walikokaa watu wetu, na kwenye mdomo wa kichochoro cha Bibi Echata ikazima. Nikatumbukiza kijiti kwa mara ya mwisho. Kilitoka kikavu.

Wakati uleule muadhini aliadhini adhana ya Ijumaa.

Sanduku la Bibi Echata lilikuwa tayari mlangoni limefungwa kamba. Wanawe wanaume walikuwa wanatoka kwenda msikitini, na mkubwa wao akatuambia kwamba wakirudi tu, wanachukua mzigo na mama yao wanakwenda bandarini, meli haingoji. Koko hakumsikiliza. Alivua viatu, akaingia, na kutoka ndani nikasikia sauti moja nyembamba ikisema jina lake la utotoni, jina ambalo mimi mjukuu wake sikuwahi kulijua. Mlango ukafungwa.

Nikaenda msikitini na vumbi langu. Nilipojua kuwa muda wa Koko na mdogo wake ni hotuba na rakaa mbili, basi, nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla wala baada: nikamwomba Mungu khatibu arefushe. Watu wa pale waliniambia baadaye kwamba khatibu yule alisifika kwa hotuba ndefu, wazee walikuwa wakisinzia. Lakini siku ile alipanda mimbari akasema kwamba kati yetu wamo wasafiri wanaowahi meli, na kuwarahisishia wasafiri ni katika dini. Akafupisha. Watu wakafurahi. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikihesabu dakika alizotunyang'anya.

Tuliporudi nilitangulia kufika mlangoni. Nikabisha, nikaitwa niingie. Bibi Echata alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, amekonda hata usingeamini, amelaza mgongo kwenye magoti ya Koko, na Koko alikuwa anamsuka, kama alivyokuwa akimsuka alipokuwa mtoto. Chombo cha mafuta ya nazi kiko wazi. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesukwa, mistari myembamba, mizuri, imenyooka. Upande wa kushoto zilikuwa zimesimama wazi, hazijaguswa.

Vijana wakainua sanduku. Mkubwa akasema, "Mama, wakati." Vidole vya Koko viliendelea kidogo, haraka haraka, vikamaliza msuko mmoja zaidi. Kisha vikaacha. Bibi Echata alijishika kichwa pande zote mbili, upande ule na upande huu, akacheka. Alicheka kweli, mwanangu. Koko akamfunika juu kwa shiromani lake, nguo yetu ya kujitanda, akaliweka vizuri usoni pake, na hivyo ndivyo mdogo wake alivyopanda meli, nusu amesukwa na nusu bado.

Gatini Koko alisimama mpaka mwisho. Mimi nilisimama nyuma yake. Aliponigeukia aliniambia, "Ulinifikisha." Nikaanza kumwomba radhi ya Alhamisi yake, akaninyamazisha kwa mkono. Alinisamehe, nami nalijua hilo, kwa sababu alirudi nami Nosy Be kwa gari lilelile na njiani akalala usingizi. Habari ya kifo cha Bibi Echata ilitufikia kabla ya Ramadhani. Koko hakuuliza alikufaje. Aliuliza kama kuna mtu aliyemmalizia nywele, na mleta habari hakujua.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, nami naitoa nikiwa na haki ya kuitoa. Anza polepole, ubadilishe gia mapema, mguu wako uwe mwepesi. Tazama mbali, ili breki iwe ya dharura wala isiwe tabia. Ukisimama, zima. Matairi yashibe upepo, na juu ya gari usibebe usichokihitaji, hata kiwe kizuri namna gani. Mbele ya watu wanaokupita, mwachie kila mtu njia yake. Na kipimo kikikuambia umepungukiwa, amini siku hiyohiyo, tena mwambie uliye naye garini kabla hajakuuliza. Majuto ni mjukuu, na huyo mjukuu wangu nimemlea miaka mingi. Utasema petroli siku hizi ipo kila kona. Ipo. Lakini kila anayepanda gari lako ana mtu anayemngojea mwisho wa njia, na wewe hujui amebakiwa na saa ngapi.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu, akupe mguu mtulivu na macho ya mbali, ayape nguvu magurudumu yako na aupe moyo wako haya. Kila unayembeba, akujaalie wewe uwe sababu ya kufika kwake. Na kule mnakokwenda, awafikishe mapema, mkute aliyewangojea ameketi, na mikono ipate muda wa kumaliza kichwa kizima. Amin.